Sweta Lililofumuliwa

Sikujifunza kroshe kwa kupenda. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi wanawake wakiniona na kulabu mkononi hunitazama kwa upole, wakidhani nilifundishwa na masista nikiwa msichana wa soksi nyeupe. Nilijifunza kwa siku nne, katika mtaa wa Buyenzi, mwaka ambao Bujumbura ilikuwa inafungwa na kufunguliwa kama duka la mtu mgonjwa. Nilijifunza kwa sababu mwanangu alikuwa anapoa.

Alizaliwa mimba ikiwa na miezi saba. Kichwa chake kilikuwa kama chungwa, tena si chungwa kubwa. Hospitalini kulikuwa na kuvezi moja, ile mashine ya kuwatia joto watoto njiti, na ndani yake walikuwa wamelazwa watoto watatu. Muuguzi alinionyesha jinsi ya kumfunga binti yangu kifuani, ngozi kwa ngozi, na kitenge juu yake, kisha akaniambia niende nyumbani, maana kitanda changu kilikuwa kinangojewa na majeruhi. Nilipofika mlangoni akanifuata. Kichwa kisikae wazi hata kidogo, akasema, joto la mtoto kama huyu linatokea kichwani. Tafuta kofia ya sufu, imbane vizuri. Nikaitikia ndiyo, kama mtu aliyetumwa chumvi.

Kesho yake vijana wakaufunga mji. Siku zile tuliziita vil morte, mji uliokufa: mawe barabarani, matairi yanawaka, maduka yamefungwa, na anayefungua anajua kitakachompata. Soko lilikuwa tupu, na hata lingekuwa wazi, mipaka ilikuwa imefungwa na sufu haikuwa inaingia. Nilimfunga mtoto kitambaa cha pamba. Kikateleza, kila nikimchungulia nakikuta shingoni. Nikamvisha soksi yangu. Ilikuwa ya nailoni, ikamtoa jasho, na jasho lilipopoa akawa baridi kuliko mwanzo. Siku ya pili ya mji kufungwa nyayo zake zilianza kubadilika rangi, zikawa kama zambarau ambazo hazijaiva vizuri.

Baba yake hakuwepo. Wiki tano kabla alikuwa amevuka mpaka wa Gatumba kwenda Uvira, Kongo, kutafuta sabuni za kuuza, safari ya asubuhi na jioni, na hakurudi. Nilibaki na mama wa mume wangu, ambaye nilimwita Mabukwe kama wakazana wote wanavyowaita mama wakwe zao. Tulikuwa tumekimbia pamoja kutoka Musaga, tukapanga chumba kimoja katika ua wa watu wengi. Kila asubuhi, mji uwe hai au umekufa, alikwenda kwa miguu hadi barabara ya Gatumba inapoingilia mjini, akawauliza waliopita kama wamemwona mwanawe. Alirudi saa sita mchana, akanawa miguu. Mimi sikumuuliza. Tulikuwa tunaogopana.

Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa Bibi mmoja mjane, Mwislamu, mzaliwa wa Buyenzi hiyohiyo, ambaye maisha yake yote alikuwa akifuma kofia za wanaume za kwenda nazo msikitini Ijumaa. Mtu akisikia hivyo atasema, basi, tatizo limekwisha. Ndivyo nilivyodhani na mimi. Nilimkuta amekaa mkekani, mkono wa kulia umefungwa vibao na kuning'inizwa kwa kanga. Watu walipokimbia risasi sokoni walimwangusha, wakamkanyaga. Nilimtazama ule mkono nikamchukia, Mungu anisamehe, kana kwamba aliuvunja makusudi ili mwanangu afe.

Alinipa kulabu yake ya akiba, aliyochongewa na marehemu mumewe kwa waya wa gurudumu la baiskeli. Uzi hakuwa nao. Nikamwambia chumbani kuna sweta la sufu la mume wangu, nitakata mkono wake, niufunge upande mmoja, kofia hiyo. Akanizuia. "Ukikata, itafumuka yote, utabaki na takataka. We fumua polepole, uzi utaupata, halafu fuma."

Hapa lazima niseme ukweli. Kwetu nguo za mtu haziguswi hivihivi. Mtu akifa, nguo zake hukaa hadi siku ya kuganduka, siku ya kumaliza matanga, ndipo ndugu hukutana na kuzigawana. Kuchukua nguo ya mtu ambaye hujaambiwa amekufa, ukaigeuza kitu kingine, ni kumtangaza kuwa maiti. Nilijua. Nilijifanya sijui. Sweta lenyewe lilikuwa la rangi ya kahawa, nililolifua mimi siku moja kabla ya safari yake. Likachelewa kukauka, ndiyo maana aliondoka bila hilo. Nilisubiri Mabukwe atoke, nikahamia chumbani kwa Bibi, nikaanza na mkono wa kushoto.

Kufumua kulikuwa rahisi. Uzi ulitoka umejikunja kama nywele, nikauzungusha kwenye kopo la maziwa. Kufuma ndiko kulikonitoa roho. Mtoto yuko kifuani chini ya kitenge, viwiko vyangu vimepanuka ili nisimguse, na Bibi ananielekeza kwa mdomo na kwa kidevu. Fanya kitanzi. Ingiza kulabu, kamata uzi, vuta, pitisha. Nilivikaza vitanzi hadi kulabu haikuweza kuingia. Nikivuta, uzi unakatika. Bibi akaniambia mkono wangu unaogopa, uzi hauna meno. Nikamjibu kwamba yeye hana mtoto anayekuwa wa zambarau. Hakukasirika. Alisema haraka haraka haina baraka, nami nikaitupa ile kulabu ikagonga ukuta, kisha nikatambaa kuitafuta chini ya kitanda chake, mkono mmoja nimemshika mtoto.

Alasiri ile vidole vilianza kuelewa. Nilifuma mzunguko, nikafuma mwingine, na katika kila mzunguko naongeza vitanzi, maana ndivyo Bibi alivyosema mwanzoni: anza na sita, ongeza, ongeza tena. Kazi ikakua. Niliiona inapanuka, nikajisikia fundi. Nilipoiweka juu ya kichwa cha mtoto ilikaa bapa, kingo zote nje, kama sahani ya kikombe. Bibi alicheka hadi akaushika mkono wake kwa maumivu. Akasema nimefuma kitambaa cha kuweka chini ya termosi, sasa bado chai na wageni. Ndivyo tulivyokuwa sisi tuliokulia kwa vitambaa vya kroshe juu ya makochi na redio: macho yangu yalikuwa hayajawahi kuona kazi ya kulabu isiyokuwa bapa. Nilifumua yote. Siku ya pili ya kujifunza nikafuma tena, nikaogopa kuongeza, ikawa kama kidole cha glavu. Nikafumua. Na sufu kuukuu haivumilii mchezo huo. Kila ikifumuliwa inakonda, inatoa manyoya, inakatika, unafunga fundo juu ya fundo. Mkono wa kushoto wa sweta uliishia katika makosa yangu. Nikaanza wa kulia. Kila adhuhuri, kabla Mabukwe hajarudi, nililikunja lile lililobaki nikalirudisha chini ya godoro.

Siku ya tatu mtoto alinyonya mara mbili tu. Hakulia. Nilitamani alie. Nilimpulizia pumzi utosini, nikafunika kichwa chake kwa kiganja changu, lakini kiganja hicho ndicho kilichotakiwa kufuma. Kila nilipokishika kitanzi nilikuwa nimekiacha kichwa wazi. Kila nilipokifunika kichwa kofia haikuendelea. Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Nilimwambia Bibi siwezi, mtoto huyu atakufa kwa sababu mama yake ni mjinga wa vidole.

Akachukua mkono wangu kwa ule wake mzima, akaupitisha juu ya kichwa cha mtoto, kuanzia utosini, taratibu, hadi juu ya sikio.

"Unasikia? Kichwa ya mutu haiko sahani. Inapanuka, inapanuka, halafu inafika mahali inaacha. Hapo na we acha kuongeza. Fuma tu vilevile, kofia itashuka yenyewe."

Hakuna aliyewahi kuniambia jambo lenye maana zaidi kuhusu kazi yoyote. Nilifumua tena, nikaanza upya, na asubuhi ya siku ya nne nilifika mahali pale. Niliacha kuongeza. Mzunguko mmoja, wa pili, na ule ukingo ukajikunja wenyewe kuelekea chini, ukakikumbatia kichwa. Nikauona kwa macho yangu. Kofia ilikuwa imefika nusu, juu kidogo ya masikio, uzi wa mkono wa kulia ulipokwisha. Nikachukua kiwiliwili cha sweta, nikatafuta mwanzo wa uzi shingoni, nikauunga kwa fundo. Sikutaka kupoteza muda kuuzungusha kwenye kopo. Nikafuma moja kwa moja kutoka kwenye sweta lenyewe, limelala mapajani mwangu, halina mikono.

Mabukwe aliingia uani wakati huo. Risasi zilikuwa zimemrudisha njiani, hata vumbi la miguuni hakuwa amelinawa. Alisimama mlangoni pa Bibi, akalitazama sweta, akanitazama mimi. Nilitaka kulificha, lakini uzi ulitoka kwenye sweta hadi kwenye kulabu, na kulabu ilikuwa juu ya kichwa cha mtoto.

"Mukazana," akasema, "umeshamuzika?"

Nilisema mtoto anapoa. Nilitaka kumweleza habari za muuguzi, za soksi, za masikio, ila alikuwa ameshaliinua sweta kutoka mapajani mwangu. Uzi ukakatika. Akalikumbatia, akalinusa, na mimi nikakumbuka kwamba nililifua, kwamba hata harufu sikumwachia. Akaondoka nalo.

Nilibaki nimeshika kofia nusu na uzi wa urefu wa shubiri. Sitasema kwamba nilimwelewa. Nilimlaani. Nilisema, kwa sauti na mbele ya Bibi, kwamba mwanamke yule anamlinda maiti na kumwua aliye hai. Nilisema maiti. Lilikuwa neno ambalo kwa wiki tano hakuna aliyelitamka katika ua ule, na nililitamka mimi, mke wake, kwa hasira, juu ya kofia. Bibi aliinamisha kichwa. Nje nilisikia Mabukwe akimwomba jirani mwingine kitu, kisha maji yakimiminwa kwenye beseni. Mtoto hakusogea. Niliweka kidole chini ya pua yake na kukiacha hapo.

Sijui ilipita nusu saa au zaidi. Mabukwe aliporudi hakuwa na kilemba. Nywele zake zote hazikuwepo. Alikuwa amejinyoa mwenyewe kwa wembe, bila kioo, na damu ilikuwa inamtoka mahali pawili juu ya sikio. Kwao milimani mama hunyoa siku anayomlilia mwanawe. Akishanyoa, hakuna tena wa kumtafuta. Alikaa mkekani mbele yangu, magoti yake yakigusa yangu, akaliweka sweta mapajani mwake.

"Nimemulilia," akasema. "Sasa nguo ni za mutoto wake. Vuta."

Akautafuta mwenyewe mwisho wa uzi, akanipa. Niliufunga kwenye ule uliokatika, nikaingiza kulabu. Mikono yangu haikuogopa tena, sijui kwa nini. Alilishika sweta kwa mikono miwili, na kila nilipovuta alilegeza, lisikaze, nisikate uzi, na kifua cha mwanawe kikaondoka mstari kwa mstari mapajani mwake hadi kofia ikayafunika masikio. Ilitosha. Mtoto alijinyoosha chini ya kitenge, akatafuta ziwa, akalipata. Mabukwe alikuwa akinitazama, kichwa wazi, akingoja kuona kama na mimi nitamlilia mume wangu. Sikumlilia. Nilikuwa nimejaa furaha, na hakuiondolea macho furaha ile usoni mwangu hadi nilipoinama kuificha.