Very Good ya Kaseti

Mwaka ule wa Elinino mvua haikujua kupumzika, na kifua cha Cherotich nacho hakikupumzika. Kila alfajiri mama yake, Janeffer, alimfunga shuka mbili, akamwacha kwa mama mzee aliyelea watoto wa kambi, kisha akaingia shambani na kikapu mgongoni kuchuna majani chai. Jioni alimkuta baridi kama jiwe la mtoni, anakoroma. Nesi wa zahanati hakuzunguka: "Mama, baridi hii itammaliza mtoto. Ama ukae naye ndani, ama umpeleke mahali pa joto."

Mahali pa joto palikuwa Siongiroi, kwa kogo, nyanya ya mtoto. Na kutoka kambi hadi Siongiroi si mwendo wa kumnyonyesha mtoto na kurudi. Kukaa naye kulikuwa na mlango mmoja tu. Nasari ya kambi ilitafuta msaidizi, mtu wa kupika uji na kuimbisha watoto, naye angeruhusiwa kuja na mtoto wake ndani ya nyumba yenye jiko. Ila meneja alitaka mtu anayeongea Kiingereza. "Mtaonyeshwa picha," nyapara aliwaambia akina mama, "mseme kile mnaona."

Janeffer alikuwa amemaliza darasa la nane. Kiingereza cha kusoma alikiweza. Cha kutoa mdomoni ndicho kilimganda. Jirani yake Esnah, au Mama Mochama, mke wa Mosoti, mama wa Kikisii asiyefunga mdomo hata kanisani, alikuwa na redio ya kaseti, na ndani ya kaseti moja alikaa mzungu wa kufundisha. Mzungu anasema sentensi, ananyamaza, wewe unairudia, naye anakwambia, "Very good." Kitabu cha picha kilichokuja na kaseti kililiwa na panya, basi wakatundika kalenda ya zamani, yenye mtoto amelala kwenye kikapu, wakawa wanaisema hiyo.

"The papy is in the pasket," Janeffer akasema.

Esnah akashika mbavu. "Mama Cherotich, papai ni la kula! Sema baby. Be! Kama kondoo: beee!"

"Peee."

"Yesu wangu! Kumbe hata kondoo wa Wakipsigis wako na shida!"

Walicheka mpaka Cherotich naye akacheka, akashikwa na kikohozi, na hapo kicheko kikaisha.

Betri zikichoka, sauti ya mzungu ilivutika kama mtu anayekanyaga matope. "Leo amelewa huyu," Esnah alisema, akizitoa betri aziweke kando ya jiko zipate nguvu. Janeffer alimrudia hivyo hivyo na ulevi wake.

Kuna jambo aliliona akaliweka moyoni. Siku moja koo lilimkauka, hakusema kitu. Mzungu akangoja, kisha akasema "Very good" vile vile. Kumbe hakuwa anasikia. Hata ukikaa kimya, anakusifu tu. Lakini Cherotich alilipenda neno hilo kuliko wimbo. Mama yake alipomaliza kusema chochote, hata "kula uji," mtoto alipiga makofi: "Ve-gud!"

Siku ya mtihani Janeffer aliazima viatu vya Esnah. Ofisini alimkuta madam mmoja aliyetoka ofisi kubwa, na Mwalimu Gichana wa nasari pembeni yake.

"Good morning," madam akasema.

"Good morning," Janeffer akajibu, na moyo ukatulia. Kwao salamu ndivyo inavyokwenda. Mtu akikwambia chamgei, unamrudishia chamgei yake, na hapo umemheshimu.

"How are you?"

"How are you."

Madam akatabasamu kidogo, akasukuma picha mezani. Mama amekaa mlangoni, mtoto amemlalia mapajani, shingo imelegea. Janeffer akamwona Cherotich.

"What can you see in this picture?" Madam akanyamaza, akangoja.

Ukimya ule Janeffer aliujua. Ulikuwa ule ule wa kaseti. Mdomo ukaujaza kabla ya akili kufika.

"What can you see in this picture."

"No. I am asking you."

"No. I am asking you."

Nyapara aliyekuwa mlangoni akapasuka kicheko. Uso wa madam ukakunjamana; alidhani anachezewa. Mwalimu Gichana akainama mbele, akasema polepole, "Mama, usirudie. Jibu. Unaona nini hapo?"

Aliona kila kitu. Aliona mtoto ana homa, aliona mama hana mtu wa kumtuma. "The papy," akaanza. Akasikia kicheko cha nyapara tena. "The papy..." Na hapo Kiingereza chote kikamwagika kama uji wa sufuria iliyotoboka. Alingoja. Hakuna aliyesema very good.

Kazi ilipewa Phelis, msichana ambaye hata mtoto hakuwa naye.

"Nitamwambia Mosoti aongee na Mwalimu, si ni Mkisii mwenzetu," Esnah alisema.

"Wacha tu, Mama Mochama. Madam nimemjibu mimi mwenyewe."

Jumapili akampeleka mtoto Siongiroi. Huko jua lilikuwa linawaka kweli, na kogo alikuwa ametandika ngozi ya ng'ombe uani. Janeffer akamkalisha Cherotich, akamfunga vizuri kofia ya uzi, akaifungua, akaifunga tena. Kisha akachuchumaa wakatazamana.

"Mama anaenda kazini," akamwambia. "Wewe unabaki na kogo."

Akanyamaza, maana sauti ilikuwa imekwisha.

Mtoto akamwangalia mdomo, akangoja kidogo, akapiga makofi. "Ve-gud!"

Kogo akacheka, hakujua neno lenyewe. "Anasema nini huyu?"

"Anasema vizuri sana," Janeffer akajibu, akainuka, akatafuta lango.