Mchicha Begani kwa Aabo

Kitunguu kikianza kugeuka rangi ndani ya samli, halafu ukatupia hiliki na bizari, harufu inayotoka hapo hainiachi nikae kwenye kiti. Ninazo hoteli mbili hapa Garissa, nina wapishi ninaowalipa, lakini harufu hiyo ikinifikia huku mbele nainuka naingia jikoni mwenyewe. Wapishi wamezoea, wananipisha. Niseme ukweli, sijaona mtu katika mji huu anayenishinda kupika nyama ya kusaga na mboga ndani ya sufuria moja. Shule niliiacha darasa la nne, na wenye digrii zao ndio wanaokuja kwangu jioni wakitoka ofisini, wakiniambia chakula hiki ni chepesi, kina afya, mtu analala vizuri. Mimi nawaitikia tu. Nilianza kukipika kabla sijamaliza kuota meno ya ukubwani.

Miaka hiyo ya tisini tulikaa upande wa soko la mifugo. Aabo, baba yangu, alikuwa dalali wa ngamia, na dalali kwetu anaishi kwa heshima yake. Akisema huyu ngamia hana kasoro, watu wasiojuana wanashikana mikono. Hooyo, mama yangu, alitoka mbali, huko Buna, akakulia kwenye maziwa na nyama. Kwake kitu cha kijani kilichoota ardhini kilikuwa malisho. Na hakuwa peke yake. Siku hizo mwanamume wa kwetu akionekana na fungu la mboga aliulizwa kama kwake kuna mnyama mgonjwa.

Sasa hooyo akapata mimba ya dada yangu, na damu ikamwishia. Alikuwa mtu wa kuteka maji akiimba, akawa wa kulala mkekani pale mlangoni, viganja vyeupe kama unga. Sista wa kliniki akamwambia aabo mbele yangu: huyu mama asipokula mboga za majani kila siku, pamoja na nyama, anaweza kutuacha siku ya kujifungua. Nilikuwa mdogo, lakini maneno hayo hayakuhitaji mkalimani.

Majirani walituletea wali, walituletea anjera, ile mikate yetu laini, Mungu awalipe. Mboga nani angepika? Aabo ujanani alikuwa turniboi, utingo wa malori ya Liboi, akajua kupika chochote kwenye sufuria moja kando ya barabara. Akaanza kupita mashamba ya ukingoni mwa Tana, ananunua mchicha, karoti na nyanya, anavificha ndani ya gunia la makaa asionekane. Mchicha ulifika nyumbani mweusi. Tuliuosha mpaka mtungi ukakauka.

Wa kwanza aliuchemsha peke yake. Hooyo akautazama.

"Wapelekee mbuzi," akasema, akageukia ukuta.

Aabo akabadilisha. Nyama ya ngamia tukaikata ndogo ndogo kama ile tunayokausha ya safari, maana mashine ya kusaga hatukuwa nayo. Yeye na kisu chake, mimi na changu, ubao mmoja. Kitunguu, samli kidogo, nyama mpaka maji yake yakauke, karoti, nyanya, mwisho mchicha, unafunika. Kitu kizuri, wallahi. Hooyo akala nyama yote, na kila jani akaliokota kwa ncha za vidole akalipanga pembeni mwa sahani, taratibu, kama mtu anayechambua mchele. Tukakata ndogo zaidi. Akaokota vilevile. Aabo aliyala yale majani aliyoyaacha mkewe, na mimi sikupenda kumtazama usoni.

Alasiri moja nilikuwa nawasha jiko uani, nikasikia mbuzi wengi wanalia nje. Hawakuwa mbuzi. Karibu na lango letu kulikuwa na kibanda cha chai, na madalali wote walikaa pale baada ya kuswali. Nikachungulia kwenye fito za ua. Aabo alikuja katikati ya njia, gunia amelikunja kwapani, fungu la mchicha begani, maji yanamchuruzikia kwenye shati.

"Beee," wanaume wazima walilia, vikombe mikononi.

"Waryaa, wewe bwana, siku hizi unafuga?" mmoja akamwuliza. "Una mbuzi wangapi?"

"Mmoja tu," aabo akasema.

"Bei gani?"

"Huyo siuzi."

Wakacheka hadi mmoja akapaliwa na chai. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Hooyo alikuwa palepale mlangoni, amejifunika uso kwa shashi yake ya kichwani, nikadhani amelala. Nikauchukua ule mchicha nikaumalizia hasira zangu zote. Nilikata, nikakata tena, mpaka ukawa hauonekani ndani ya nyama.

Jioni ile mkono wa hooyo ulitoka sahanini ukaenda mdomoni, haukusimama njiani. Aabo akaacha kutafuna.

"Nani amekata leo?" hooyo akauliza.

"Mimi, hooyo."

"Umekata vizuri."

Akala na kesho yake, na siku zote zilizofuata. Viganja vikarudi rangi. Dada yangu alizaliwa na sauti ambayo mpaka leo inamnyima mumewe usingizi. Na mimi nikatembea mtaani kama daktari.

Habari hiyo ya kisu changu nimewasimulia wateja miaka mingi. Siku moja, aabo ameshatangulia mbele ya haki, hooyo alikuwa amekaa hotelini kwangu, akanisikia. Akasubiri mteja aondoke.

"Ulikata vizuri, mwanangu," akasema. "Lakini majani yalikuwa majani. Hata leo siyapendi."

"Sasa ulikula kwa nini?"

"Aliniita mbuzi mbele ya soko zima," akasema, akacheka mpaka akayafuta macho kwa shashi.

Nikiwa mtoto nilidhani aabo alifikwa na aibu njiani. Kumbe lile gunia alikuwa nalo, angeweza kulitumia, na njia ya nyuma aliijua. Aliichukua heshima yake, ambayo ndiyo iliyotulisha, akaipitisha mlangoni kwa mke wake aisikie ikichekwa. Mtu aliyetaja bei ya kila chenye miguu, siku ile alikataa kutaja.

Wateja wakiuliza siri ya chakula hiki, bado nawaambia ni kukata ndogo ndogo. Hilo naweza kumfundisha mtu yeyote.