Ndege Aliyemfuata Baba Mkwe

Jamani, aibu niliyoipata mtaa wa Himbi siku ya kujitambulisha kwa wakwe bado inanitoa jasho, lakini tuelewane tangu mwanzo: ndege nawajua. Nimezaliwa Vitshumbi, ambako korongo wanazurura kati ya mitumbwi kama wateja wakorofi, na leo kazi yangu ni kuwatembeza wageni wanaokuja kutazama ndege. Kwa hiyo sikukosea. Ubaya ni kwamba nilipatia mbele ya watu.

Papa Masika, yaani baba yake Masika, msichana niliyetaka kumuoa, ni mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Butembo, na sifa yake kubwa mtaani ni kwamba ujanani aliiona bahari, tena mara tatu. Picha zipo kwenye albamu (volkano ilipotema moto, muzee aliacha friji, akabeba albamu): muzee Mombasa na kofia, muzee Dar na miwani ya jua, muzee Moanda, kwenye bahari ya upande wa magharibi, na suti ya kaunda, nyuma yake maji ya buluu. Siku hiyo alikuwa amekunja uso, maana kazi yangu haikumwingia akilini.

"Kuangaliaka ndege, hiyo ni kazi ya mutu mukubwa?" aliuliza, wajomba wakacheka, na Masika akanitazama kwa macho ya kusema fanya kitu.

Nikafanya. Albamu ilipofika mikononi mwangu nikaona, juu ya bega la muzee pale Mombasa, kitu cheupe ambacho familia nzima haikuwahi kukitilia maanani, na kumbe ni shakwe, ndege wa bahari. Ningenong'ona tu yangekwisha, lakini nilitaka kuwanyamazisha wale wajomba, basi nikazipiga picha zote tatu kwa simu, nikaiunganisha simu na televisheni yao kubwa ya sebuleni, nikasimama kama mwalimu. Nikaeleza mdomo, nikaeleza miguu, nikaonyesha bawa la kushoto lililopungukiwa unyoya mmoja. Nikaleta ya Dar, shakwe tena.

"Inatosha, mukwe. Zima," muzee akasema.

(Mimi katika maneno yote hayo nilisikia moja tu, mukwe, kwa sababu hakuwahi kuniita hivyo.)

"Na hapa Moanda," nikaendelea huku naikuza picha, kifua mbele, "angalieni bawa la kushoto, unyoya uleule haupo. Huyu si shakwe mwingine, ni huyuhuyu."

Ndipo nikasikia nilichosema. Tumboni mwa ndege ulipita mkunjo ulionyooka, na kwenye kona ya juu ulionekana msumari ulioshika bahari nzima.

Tanti yake Masika, dada mdogo wa muzee, akahesabu kwa vidole, taratibu. "Mombasa, Dar, Moanda. Ile ndege haichokake?"

Sebule nzima ikaangua kicheko, isipokuwa muzee. Nikahangaika kuzima, na kwa haraka yangu nikazidi kumkuza ndege mpaka akajaa kioo chote. Masika akageuka na sinia lake kurudi jikoni, nami nikaona ndoa yangu inaondoka pamoja na soda. Niliumia, siwafichi.

Aliyetuokoa ni Mama Masika. "Iko kitambaa ya kuchorwa, ya studio ya Butembo," akasema, bila hata kunyanyua macho. "Nilijua tangu zamani."

Muzee akamgeukia. "Ulijua?"

"Papa yangu alikatala kutoa binti kwa mutu mwenye hajaona bahari. Miye nilitaka weye. Sikutaka bahari."

Muzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akanikazia macho mimi. "Weye ndiyo mutu wa kwanza kuona ile ndege. Batu bote banaangaliaka miye tu." Akaichukua albamu, akaifunga. "Masika utamuoa. Lakini mbele ya ndoa utanipeleka nione bahari ya kweli. Miye na mama yake."

Basi safari tunaiandaa, suti mpya ya kaunda imeshashonwa, na mama mkwe amenunua miwani ya jua. Nami nimeapa: ndege yeyote wa kwenye picha ya mkwe atatambuliwa jikoni, kwa kunong'ona, kabla televisheni haijawashwa. Ila picha ya ufukweni nitaipiga mimi, na sitabonyeza mpaka apite shakwe mwenye manyoya yote.