Mkono wa Kulia wa Mume Wangu

Mume wangu alikuwa mpishi wa meneja katika shamba moja la mkonge upande wa Mnyuzi. Shamba lilipouzwa, wenye mali wapya walikuja na mpishi wao. Mume wangu akarudi nyumbani na kikaango cha chuma alichoachiwa na yule meneja wa zamani.

Tukahamia Korogwe mjini. Wakati ule watu binafsi walikuwa wanaleta mabasi yao, na stendi ilichangamka tangu alfajiri. Tukafungua kibanda cha chipsi mayai. Mimi nilimenya viazi na kukata kachumbari, yeye akashika kikaango.

Abiria walishuka mbio huku basi linaunguruma, lakini yeye hakuharakishwa na mtu. Alimwaga mayai juu ya viazi, akayaacha yashike, akapitisha kisu pembeni taratibu. Kisha alikitikisa kikaango mpaka chakula chote kikaanza kuteleza chenyewe. Ndipo alipokiinamisha mbele kidogo na kuvuta mkono kwa ghafla. Mayai yaliruka, yakajigeuza hewani, yakatua upande mbichi chini. Hakuwa mtu wa majivuno, ila nilimwona akitupa jicho kwa kuibia kuangalia kama kuna aliyemtazama.

Asubuhi moja aliamka mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelala kama si wake. Hospitali walisema ni kiharusi. Aliporuhusiwa, alikaa kwenye kigoda nyuma yangu, mimi nikakaanga.

Nilijaribu kurusha kama yeye. Nusu ya mayai iliangukia kwenye mkaa, moshi ukajaa kibandani. Mteja mmoja alimsikia mume wangu akisema jambo kwa ulimi mzito, akacheka, akauliza kama mzee ameshalewa mapema hivi. Mume wangu hakuwahi kuonja pombe maisha yake yote. Aliinamisha kichwa.

Yule mteja alipoondoka, mume wangu akaniambia, "Usirushe. Leta sahani."

Nikaleta.

"Funika nayo kikaango. Shika kwa kitambaa, ukandamize. Pindua vyote kwa pamoja."

"Yakimwagika je?"

"Ukisita ndiyo yatamwagika."

Nikapindua. Mayai yakakaa juu ya sahani, nikayatelezesha tena kikaangoni, yakaiva upande wa pili bila kuvunjika.

"Lakini si kama yako," nikamwambia.

"Abiria ana njaa, mama watoto. Hana shida na namna ulivyogeuza."

Tukaendelea hivyo, mimi na sahani yangu, naye akinielekeza. Nilidhani ameridhika.

Alasiri moja mabasi yalikuwa yamepungua, nikaenda kuchota maji. Niliporudi nilimkuta amesimama, ameegemea nguzo, kikaango kiko mkono wa kushoto. Nikasimama na ndoo yangu, sikumwita. Alikitikisa vizuri kabisa. Mayai yakateleza. Akavuta mkono, yakaruka chini sana, mengine yakamwangukia kifuani, mengine vumbini.

Nikampokonya kikaango, nikamfuta. Ngozi ilikuwa imeungua, na shati limeshika pale palipoungua. Alikuwa anayatazama yale ya chini.

"Nipeleke Handeni," akasema. "Kwa mama."

Nikampeleka. Mama yake, ambaye mwenyewe alikuwa akitembea kwa fimbo, alimmegea ugali na kumlisha kwa mkono wake. Mimi nilikaa pembeni, kwa kuwa aliniomba nimwachie kazi hiyo. Mume wangu alifariki kabla mvua hazijaanza, tukamzika karibu na baba yake. Nilikaa eda kwa mama mkwe. Ilipokwisha nikarudi stendi, maana watoto walikuwa wanataka kula.

Jambo ambalo sikulitegemea ni madereva. Wengi walikuwa wamebadilishiwa njia, hawakupata habari. Mmoja, aliyekuwa akila kwetu tangu siku za mwanzo, alikuja akapokea sahani yake, akachungulia nyuma yangu.

"Shikamoo mama. Mzee yuko wapi leo?"

"Marahaba. Alifariki, baba. Tulimzika Handeni."

Alisimama na sahani mkononi. Utingo akapiga bodi la basi kumwita. Akaiweka sahani kwenye benchi bila kula, akaniomba radhi, akaenda.

Karibu mwaka mzima waliendelea kushuka watu ambao kwao mume wangu alikuwa bado hai, na mimi ndiye niliyepaswa kuwaambia.