Nilivyoisifu Priamplifaya ya Taa za Kioo

Mpaka leo nikikumbuka naona aibu. Mimi niliyeacha shule darasa la sita, nikajifunza redio kwa kuzifumua, niliitwa na mzee wa kanisa nyumbani kwake Lipangalala nimchagulie priamplifaya, kile kifaa cha kukoleza sauti kabla haijafika kwenye amplifaya. Nikimridhisha, spika za kanisani ningefunga mimi.

Tukasikiliza ya kwanza, nikaikunjia uso. Akawasha ya pili, yenye taa za kioo. Zikawaka rangi ya chungwa, mara kwaya ikapaa. Nikafumba macho.

“Chukua hii, mzee! Akina mama wanasikika kama wapo dirishani!”

“Wapo dirishani, mwanangu. Jumuiya inasali na kuimba hapo kwa jirani.”

Nikafumbua macho. Waya wa sauti alikuwa bado ameushika mkononi, hajauchomeka.