Jiwe la Pembe ya Nne

Kabla sijaanza niseme wazi kwamba mimi si mjenzi. Nilisoma hadi darasa la sita, kisha nikaajiriwa kuwashikia wapimaji wa barabara fimbo yao. Kazi yenyewe ilikuwa kusimama wima na kunyamaza, huku mzungu akichungulia kwenye kioo chake upande wa pili. Miaka mitano nilisimama hivyo. Lakini watu wa Kangemi walikuwa wameniona nimesimama na wapimaji, na tulipoamua kujenga shule ya harambee, miaka ya sabini ikianza anza, wakasema huyu anajua. Wakanifanya karani wa kamati ya ujenzi. Ningeweza kukataa. Sikukataa, maana ilinipendeza kuitwa mtu anayejua.

Kiwanja tulichopewa kilikuwa ukingoni mwa bonde na hakuna aliyekuwa amewahi kukitaka. Zamani palichimbwa mawe ya kujengea mji, halafu mashimo yakajazwa kifusi, nyasi zikaota juu, pakawa kama mahali pengine popote. Ramani alituchorea mzee mmoja wa Kihindi wa Parklands, bila kutudai chochote. Nilipokwenda kuichukua alinikalisha chini, akaweka kidole kwenye kila pembe ya nyumba ile ya wino.

"Karatasi mimi naweza chora mara mia," akaniambia. "Lakini chini ya udongo mimi hapana ona. Nyinyi chimba mpaka fika ardhi mtu hajagusa. Pembe zote nne. Tatu hapana tosha, sikia?"

Nilisikia. Siwezi kusema sikusikia.

Kila Jumamosi wazazi walikuja kuchimba, kila mtu na jembe lake. Akina mama walibeba mawe kichwani kutoka barabarani, na walipopita karibu nami hawakukosa la kusema. "Karani, hiyo kalamu ni nzito sana? Kuja tubadilishane!" Mimi nacheka, naandika nani amekuja, nani hakuja. Kitabu changu kilikuwa cha jalada gumu jekundu, na jioni niliandika humo mambo yote ya siku ile, hata yasiyoombwa na kamati. Nilijisifu moyoni kwamba sipendelei mtu.

Fundi wetu mkuu alikuwa mwashi kutoka magharibi, upande wa Kakamega, mtu wa kanisa, mpole. Kusoma hakujua. Lakini akipitisha kidole kwenye uso wa jiwe alikuambia limekatwa machimbo gani. Hakuwa na kibao wala duka. Kazi zote alizipata kwa kutajwa: fulani akimwambia fulani, mtafute yule, ukuta wake haulali. Jina lake ndilo lililomlisha. Tena alikuwa na binti wa kuanza darasa la kwanza, na alikuwa ameshamwonyesha chumba atakachokaa, pale pale kwenye kamba za msingi, kabla hata ya jiwe moja kuwekwa.

Pembe tatu zilifika ardhi ngumu mapema. Ya nne, ile ya upande wa bonde, ilikataa. Tulichimba mpaka mtu akisimama ndani haonekani, na bado zikatoka chupa, vigae, kisigino cha kiatu. Ndipo mgeni wa heshima aliyekuwa aje kuchangisha akatuma habari kwamba ameisogeza siku karibu. Anakuja Jumamosi ya wiki ile ile.

Mwenyekiti wetu alikuwa mfanyabiashara kutoka pwani, mwenye duka mjini. Si haki nimseme vibaya. Lori lake ndilo lililobeba mchanga wote. Alisimama ukingoni mwa shimo, kanzu ameikusanya mkononi.

"Jamani, mtu hachangii shimo," akasema. "Akija akakuta shimo, atatupa pole na kwenda zake. Lazima aone ukuta."

Na kweli ndivyo ilivyokuwa harambee. Sijawahi kuona mtu akilichangia shimo.

"Mzee, hapa ni kifusi," fundi akajibu. "Nipe siku mbili tu nishuke."

"Siku mbili sina, fundi wangu. Ningekuwa nazo ningekupa nne."

Wakanigeukia mimi, wote wawili. Nikateremka shimoni na mtaimbo. Niliupiga chini mara moja, ukalia, mikono ikafa ganzi mpaka viwikoni. Ningesogea hatua moja tu nikapiga tena. Hatua moja. Nimeipiga hatua ile kichwani miaka hii yote.

"Umefika," nikasema. "Ni mwamba."

"Karani, una hakika?"

"Fundi, mimi nimefanya kazi na wapimaji."

Alinitazama kidogo, akavua kofia, akajikuna. "Haya. Wewe ndiye umesoma."

Jioni ile niliandika hivi, nanakili neno kwa neno: *Pembe ya nne imefika mwamba. Fundi asema ni kifusi, aomba siku mbili, nimemwambia aendelee. Fundi ameanza msingi.*

Jumamosi ukuta ulikuwa umefika madirishani. Mgeni alikuja, akina mama wakacheza mpaka vumbi likapanda, watu wakatoa kwa moyo, na kwa michango ile shule ikaezekwa kabla ya mwaka kwisha. Binti wa fundi alikaa pale pale alipoonyeshwa.

Mvua ndefu za mwaka wa kwanza hazikufanya neno. Za mwaka wa pili ndizo zilizoshuka kwa nguvu. Ufa ulianzia chini ya dirisha la pembe ile, mwembamba kama unywele. Baada ya wiki ukaingia kidole. Kisha mkono. Akaja mkaguzi wa idara, kijana mwenye adabu, akatazama. Akaandika kwamba watoto watoke siku ile ile na darasa libomolewe.

Kamati iliitwa humo humo darasani, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto, ufa ukitutazama. Mwanakamati mmoja akasimama. "Fundi amekula simiti! Nyumba haipasuki hivi hivi."

"Mimi?" fundi akauliza. "Mimi nile simiti, na mtoto wangu amekaa hapo chini yake?"

"Basi useme nini kimepasua."

Kelele zikazidi. Mwenyekiti akagonga dawati. "Tusihukumiane kwa midomo. Karani ana kitabu chake. Atusomee siku ya msingi, tumalize."

Nikafungua ukurasa. Sitasema kwamba nilishikwa na hofu, maana hofu huja yenyewe, na hili nililichagua. Nikasoma: "Pembe ya nne imefika mwamba." Nikaweka kidole juu ya sentensi ya kati, kama mtu anayetafuta mstari. Nikasoma tena: "Fundi ameanza msingi."

Mwanakamati yule akasema, "Mmesikia? Msingi ulikuwa mwamba. Sasa ni nini kama si simiti?"

Fundi hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. "Ndivyo ilivyoandikwa, Karani?"

"Ndivyo."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna."

"Basi. Kama kitabu kimesema." Akavaa kofia, akatoka. Pima maji yake ilibaki kwenye dirisha, na mtoto wake akaja kuichukua kesho yake bila kutuamkia.

Tulipobomoa, vibarua wawili walifukua pembe ile. Walilikuta jiwe lenyewe, kubwa kama meza, lililotupwa na wachimbaji wa zamani katikati ya kifusi. Wakalisukuma kwa mabega, likabingirika. "Karani! Kuja uone mwamba wako unatembea!" Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Hilo pia ni langu.

Niliteremka mjini dukani kwa mwenyekiti, nikamweleza yote. Alinisikiliza vizuri, akanipa kahawa. "Mwanangu," akasema, "ukisimama leo kulisema hili, watauliza nani alikuharakisha. Na aliyekuharakisha ni mimi. Tutapata wapi tena wa kutuchangia tujenge upya?" Aliongea ukweli wake mbele yangu. Mimi wangu nilikuwa nimeufunika kwa kidole.

Niliacha miezi ikapita. Kisha nikasikia fundi yuko Lavington, kwenye ukuta wa nyumba ya wakubwa. Askari wa lango alinikataza kuingia, akamwita yeye. Alikuja na ndoo mikononi. Hakuwa akijenga. Alikuwa akiwachotea maji vijana ambao zamani wangemwomba awafundishe.

"Fundi, nimekuja kukwambia. Ile siku, kuna maneno niliruka."

"Najua."

"Unajuaje, na kusoma hujui?"

Alitua ndoo. "Karani, kusoma sijui, lakini nilikuwepo. Siku mbili niliziomba kwa mdomo wangu mwenyewe."

"Mbona basi hukusema?"

"Mbele ya kitabu?" Akatikisa kichwa, bila ukali. "Nilikuuliza mara mbili. Nilikuwa nakungoja wewe useme."

Nikamwambia niko tayari kusema sasa, mbele ya yeyote. Akaniuliza nitamwambia nani. Kamati ilikuwa imevunjika. Watu walishamtaja kwa ubaya kutoka Kangemi mpaka Kawangware, na jina halirudi kwa njia liliyotokea. Nikauliza habari za binti. Akasema amempeleka nyumbani kwa nyanya yake, kumsomesha Nairobi kumemshinda.

Ndani mtu akapaza sauti: "Wewe wa maji! Umelala?"

"Nakuja, bwana." Akaichukua ndoo. "Haya, Karani. Salimia nyumbani."

Kitabu ninacho hadi leo. Sentensi ile ya kati ipo, wino wake haujafifia. Nimeisoma kwa sauti mara nyingi nikiwa peke yangu chumbani, bila kuruka neno, na kila mara naisoma vizuri.