Gari-Nyumba la Mzee Orrin

Verna Haugland alikuwa dobi wa hoteli moja mjini Bozeman, akifua na kupiga pasi mashuka ya wageni wanaokuja kuteleza kwenye theluji. Kazi hiyo aliifanya mpaka vidole vikapinda. Hakuwa na mume wala mtoto, na kijumba alichopanga alikaa humo tangu enzi mji ule ulipokuwa wa wafugaji na mafundi. Kisha wenye fedha wakaumiminikia mji, mwenye nyumba akauza, na Verna akaambiwa ahame kabla ya baridi kuingia.

Alitafuta chumba hadi soli za viatu zikalika. Hata vyumba vya chini ya ardhi, visivyo na dirisha, kodi yake ilimeza mshahara wote ikabaki na njaa. Ndipo akakata shauri kununua gari-nyumba, lile gari lenye kitanda, jiko na sinki ndani yake, awe analala humo. Wenzake wawili pale hotelini waliishi hivyo, na asubuhi walifika kazini wamechana nywele kama watu wengine.

Lakini magari-nyumba nayo yalikuwa yamepanda bei. Aliyoyaweza yeye yalikuwa yamechakaa: moja lilinuka panya, jingine paa lilivuja mpaka godoro likaota ukungu. Mwezi wa tisa Twyla, mwenzake wa chumba cha kufulia, akamletea habari. Nje kidogo ya mji wa Big Timber kulikuwa na mzee aliyeweka kibao cha kuuza kando ya barabara.

"Limesimama pale linang'aa kama bibi harusi," Twyla alisema. "Twende kabla hawajalinyakua."

"Kizuri chajiuza, Twyla. Likiwekewa kibao lina dosari."

"Wewe nawe! Hata ukipewa keki utatafuta unywele ndani yake."

Wakaenda Ijumaa, Verna akiwa na akiba yake yote ndani ya bahasha. Mzee aliitwa Orrin Sletten, mrefu, shati amelifunga vifungo mpaka shingoni. Gari lilikuwa safi kuliko kijumba cha Verna. Mzee alifungua kabati moja moja, akawasha jiko, akasukuma pampu maji yakatoka, akaeleza namna ya kukunja meza iwe kitanda. Aliongea kama mtu anayemsifia mwanawe.

"Na bei, mzee?" Verna aliuliza, akijiandaa kuumia.

"Dola elfu tatu."

Twyla akamkanyaga mguu. Gari lile, kwa mtu asiye na haraka, lilikuwa la elfu ishirini.

"Una hakika, mzee wangu?"

"Mimi si mlanguzi, mama. Bei yake ndiyo hiyo." Akageuka kutazama mlango wa nyumba. "Mke wangu akitoka atakueleza habari za mapazia. Kayashona mwenyewe."

Hakutoka mtu. Wakaenda mjini, Verna akatoa bahasha, mzee akatia saini hati kwa mkono usiotetemeka, wakarudi kuchukua gari. Twyla alikuwa ameshaingia kwenye gari lake mwenyewe, amewasha injini, mzee alipomkabidhi Verna funguo na kumshika bega.

"Endesha polepole, Lavonne," alisema. "Ukifika kwa dada yako nipigie simu."

Verna alifungua kinywa. Macho ya mzee yalikuwa ya buluu, yamejaa mapenzi, na hayakuwa yakimwona yeye. Alielewa yote wakati ule ule: ile bei, ule mlango usiofunguka. Kisha akafumba kinywa, akapanda, akaondoka.

Aliegesha kwenye kambi kando ya mto Yellowstone. Akachemsha chai kwenye jiko lake, akakaa kitandani mwake, akasubiri furaha. Haikuja. Mapazia yalikuwa ya manjano, yameshonwa kwa mshono mdogo mdogo wa mtu asiye na papara. Bei kaitaja mwenyewe, Verna alijiambia. Saini ni yake. Nisingelinunua mimi angelinunua mhuni. Kila hoja aliyoitoa ilikuwa na akili, na kila moja ilimwacha pale pale. Jumamosi nzima hakula kitu cha maana. Jumapili akageuza gari, akarudi.

Uani alimkuta mwanamke amesimama, mikono kiunoni. Alikuwa Karla, binti wa mzee, aliyekuja mbio kutoka mji wa Billings.

"Wewe ndiye uliyemwibia baba yangu?"

"Ndiye mimi."

Jibu lile lilimpunguza kasi. "Jana alitoka kulitafuta gari," alisema. "Kapita barabara kuu na soksi miguuni. Dereva wa lori ndiye aliyemrudisha. Mama yangu Lavonne alifariki mwaka juzi, na kila siku baba anamsubiri. Ulijua hali yake?"

"Nilijua aliponipa funguo."

"Na ukaondoka."

"Nikaondoka, dada. Sasa nimerudi."

Kabla Karla hajajibu, mlango wa nyumba ukafunguka. Mzee Orrin akatoka na shati lake la vifungo mpaka shingoni, uso umechangamka.

"Karibu, mama! Umekuja kuangalia gari?"

Karla akasogea kumzuia. Verna akamtikisia kichwa, akamfuata mzee. Mzee akafungua kabati moja moja. Akawasha jiko, akasukuma pampu, akakunja meza ikawa kitanda. Verna aliuliza maswali yale yale, na mzee akayajibu kwa fahari ile ile.

"Elfu tatu," alisema. "Mimi si mlanguzi."

"Ni zuri sana, mzee wangu. Ngoja kwanza nifikirie."

"Usikawie. Juzi kuna mama alikuja, alilipenda kweli."

Karla akageukia ukuta, akajifuta macho.

Baadaye alimrudishia Verna bahasha. "Ningekuwa na uwezo ningekuachia," alisema bila kumtazama. "Lakini nyumba ya kutunzia wazee nitakayompeleka baba ina gharama, na gari hili ndilo alilobaki nalo la kuuza."

"Najua."

Akamrudisha Verna Bozeman kwa gari lake, mzee akiwa amesinzia kiti cha nyuma. Walipofika Karla aliuliza, "Utakaa wapi?"

"Bado sijui."

Twyla alipopata habari alifoka kama maji ya moto. "Haya, theluji ikianguka ukajifunike huo wema wako!" Kisha akamtandikia kwenye kochi lake, na Verna akakaa hapo baridi yote, wakikwaruzana kuhusu taa na redio. Majira ya kuchipua Verna alinunua gari kuukuu lililokuwa likisambaza mikate. Halikuwa na jiko wala kitanda. Aliweka godoro na makasha mawili ya nguo, akahamia.

Hakuwa mtu wa kujisifia alilolifanya. Kuna asubuhi alijuta, hasa majira ya baridi yaliyofuata, maji yalipoganda ndani ya birika na pumzi yake ikawa ukungu mbele ya uso. Alijuta kabisa, bila kujidanganya. Halafu alivaa viatu, akachana nywele mbele ya kioo cha pembeni, akaenda kazini.